Ruined: muchezo wa Marekani wenye ulizaliwa na mateso ya Ituri

Kuko nganda moja katika pori la Ituri yenye iko na sheria kali. Askari yeyote mwenye anaingia, akuwe wa serkali ao wa waasi, anatoa kwanza risasi na kuziacha, kiisha anapata bia yake. Mwenye nganda anaitwa Mama Nadi. Anauzia wachimbaji, maaskari, wafanya biashara wa mawe, kila mutu mwenye iko na franga. Kwake yeye vita ni mambo ya wengine, biashara njo yake.

Nganda hiyo usiitafute Mambasa wala Mongbwalu. Iko ndani ya Ruined, muchezo wa kuigiza wenye uliandikwa na mama mumoja wa Marekani, Lynn Nottage. Ulionyeshwa mara ya kwanza katika teatre ya Goodman, muji wa Chicago, mwezi wa 11 mwaka 2008. Mwaka wenye ulifuata ulipata Pulitzer, moja kati ya zawadi kubwa zaidi zenye waandishi wanapataka kule Marekani. Tangu hapo vikundi vya teatre, vikubwa na vidogo, vimeurudilia katika inchi mbalimbali. Lakini hapa Bunia, karibu na fasi mambo yenyewe yalitokea, jina la muchezo huo haliko katika kinywa cha kila mutu. Ni vizuri kueleza ulitoka wapi, unasema nini, na nini ingehitajika kama kikundi cha hapa kingetaka kuufanya.

Ulianzia Kampala

Lynn Nottage alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1964. Mbele ya kujulikana kama muandishi, alifanya kazi katika shirika la Amnesty International. Mwaka 2004 alifika Uganda pamoja na Kate Whoriskey, mwenye kuongoza waigizaji. Walikuwa na mupango: kuchukua muchezo wa muandishi Mujerumani Bertolt Brecht, Mutter Courage, na kuuhamisha Kongo. Brecht aliuandika mwaka 1939. Unaeleza juu ya mama mwenye anafuata jeshi na gari lake la biashara. Anakula kupitia vita, lakini vita navyo vinamuulia watoto wote watatu.

Wakati ule Ituri ilikuwa inatoka katika moto. Kulingana na hesabu ya ONU, zaidi ya watu 50,000 walikufa hapa kati ya mwaka 1999 na 2003. Watu wengi walivuka mupaka. Wa Tchomia na Kasenyi wanajua ile njia ya maji: pirogi usiku, Ziwa Albert, kiisha upande wa Uganda na maisha ya kambi. Kampala njo fasi Nottage na Whoriskey walikutana na wamama Wakongomani wenye walikimbia, wakakaa nao na kuwasikiliza.

Wamama hawakueleza siasa. Walieleza mambo yenye walitendewa katika mwili, na bwana wenye waliwafukuza nyumbani kiisha mambo hayo. Nottage aliona kama hadithi zao hazingeingia katika nguo ya Brecht. Aliacha mupango wa kwanza na kuandika muchezo mupya. Kitu chenye kilibakia cha Brecht ni mama mwenye anafanya biashara katikati ya vita na anafikiri vita haitamufikia.

Mambo yenye yanatokea ndani

Mufanya biashara mumoja, Christian, anafika kwa Mama Nadi na wasichana. Mumoja ni Sophie, binti wa ndugu yake, mwenye alisoma. Maaskari walimubaka na kumuumiza kwa chuma, sasa anatembea na maumivu. Mwingine ni Salima, mama wa kijiji mwenye alikamatwa katika shamba lake na kufungwa miezi mitano katika kambi ya maaskari. Mutoto wake aliuawa mbele ya macho yake. Aliporudia, bwana yake Fortune alimukataa.

Mama Nadi anawapokea, lakini si kwa huruma tu. Salima anapaswa kulala na wateja. Sophie hawezi, kwa hiyo anaimba na kuandika hesabu. Kidogo kidogo anaiba makuta kusudi alipe oparesheni.

Kiisha Fortune anakuja kutafuta bibi yake. Siku Salima alikamatwa, yeye alikuwa ameenda kununua chungu. Sasa anasimama inje katika mvua, na kile chungu mukononi, akitaka kuomba musamaha. Salima anaogopa kutoka juu iko na mimba ya wale maaskari. Mwisho Salima anakufa mbele ya watu, akiwalaumu wote wenye wamefanya mwili wake kuwa uwanja wa vita. Mama Nadi naye, mwenye alionekana hana moyo, anatoa jiwe lake la almasi, akiba ya maisha yake yote, ili Sophie apelekwe kwa daktari. Lakini motoka inaondoka bila Sophie. Kisha, katika sehemu ya mwisho, Mama Nadi anamufunulia Christian siri yake: naye pia aliumizwa vile.

Vikundi vidogo vinaufanya namna gani

Ruined ni muchezo muzito. Unaomba waigizaji zaidi ya kumi, gitare, ngoma na sauti ya kuimba. Muziki wake uliandikwa na Dominic Kanza, mupiga gitare Mukongomani mwenye aliishi New York. Hata vile, vikundi vyenye haviko na makuta mengi vinaweza kuufanya, kwa sababu mambo yote yanatokea fasi moja: ndani ya nganda. Meza chache, chupa, taa, radio ya zamani. Muigizaji mumoja anaweza kuwa askari wa serkali, kiisha anabadilisha kofia na kurudia kama muasi. Hiyo pia inasema kitu, kwa sababu kwa mama mwenye ameshikwa, kofia haibadilishe jambo.

London, teatre ya Almeida iliuonyesha mwaka 2010. Toronto, kikundi cha Obsidian, chenye kilianzishwa na wasanii weusi wa Kanada, kiliufanya mwaka 2011 pamoja na Nightwood, kikundi cha wanawake. Katika ukumbi mudogo, mutazamaji anakaa karibu sana na meza za nganda, karibu kama muteja. Hawezi kujifanya kama hakuona.

Kila kikundi, kikubwa ao kidogo, kinapaswa kuomba ruhusa mbele na kulipa kwa kila onyesho. Ni sheria ya haki ya muandishi, na RDC nayo iko na yake tangu mwaka 1986. Ruhusa hiyo inagusa pia kutafsiri. Kikundi cha Bunia hakiwezi tu kuchukua kitabu cha Kiingereza, kukigeuza Kiswahili na kubandika affiche barabarani.

Kile chenye mutu wa Ituri ataona haraka

Mutu wa hapa akiangalia Ruined, kuko mambo yenye atakubali na mengine yenye yatamushangaza.

Katika muchezo, watu wanapigania zaidi coltan, na Mama Nadi anaficha almasi. Coltan inajulikana zaidi Kivu, kule Rubaya na Walikale. Almasi ni ya Kasai na upande wa Kisangani. Vita ya Ituri ilinuka zahabu: Mongbwalu, Kilo, machimbo ya Djugu. Shida ya udongo kati ya jamii za hapa, yenye ilikuwa katika mizizi ya vita, haionekane sana kwenye jukwaa. Nottage aliandikia watazamaji wa mbali, na alitaka wamufuate mama, si ramani. Lakini kama muchezo huu ungefika Bunia, watu wangeuliza kwanza: hawa maaskari ni wa nani? Jibu lolote lingeweza kuamsha maneno katika ukumbi. Kule Chicago, Kisembe wa waasi na Osembenga wa serkali ni majina tu.

Mwisho nao ulileta mabishano. Kiisha damu na kifo, Christian na Mama Nadi wanacheza dansi pamoja. Wachambuzi fulani wa Marekani walisema huo ni mwisho mutamu mno kwa hadithi chungu. Nottage aliutetea. Wamama wenye alikutana nao walikuwa wameumizwa, lakini walikuwa wanacheka, wanapika, wanapenda, na kwake ingekuwa uongo kuonyesha kilio peke yake.

Neno lenye linaumiza mara ya pili

Jina Ruined maana yake ni "ameharibiwa". Ni neno lenye kila mutu wa Bunia anajua namna linatumiwa. Motoka inaharibika, chakula kinaharibika, na watu wanasema vilevile juu ya musichana mwenye alibakwa: "walimuharibisha." Muchezo unachukua neno hilo na kulirudisha mbele ya wale wenye wanalitumia. Salima aliumizwa na maaskari, kweli. Lakini kidonda cha pili kilitoka kwa bwana yake na kijiji chake.

Tena neno lenyewe halisemi kweli yote. Kile Sophie iko nacho katika mwili, waganga wanakiita fistula: tundu lenye linafanya mukojo ao choo kitoke bila mutu kuweza kuzuia. Ni ugonjwa wenye unaweza kupasuliwa na kupona. Daktari Denis Mukwege, mwenye alianzisha hospitali ya Panzi Bukavu mwaka 1999 na kupata zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, amejulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Kitu chenye kinaweza kutengenezwa hakijaharibika kabisa.

Teatre na tribinali

Muchezo ulitangulia tribinali. Thomas Lubanga alihukumiwa na CPI mwaka 2012, lakini juu ya watoto askari tu. Ubakaji haukuwa katika mashitaka yake. Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014, lakini kwa ubakaji na utumwa wa ngono majaji walimuachilia. Ilibidi kungoja tarehe 8 mwezi wa 7 mwaka 2019, wakati Bosco Ntaganda alipatikana na hatia juu ya mambo yenye yalitendeka Ituri mwaka 2002 na 2003. Safari hii ubakaji na utumwa wa ngono vilikuwa ndani, na alipata miaka 30 ya kifungo.

Ni kusema, wamama wa Ituri walisikilizwa kwenye jukwaa la Chicago karibu miaka 11 mbele ya majaji wa La Haye kulipa jambo hilo hukumu. Hiyo haimaanishe kama teatre inafanya kazi ya tribinali. Teatre haifunge mutu. Inaweza tu kufanya watu wakae kimya saa mbili na kumusikiliza yule mwenye kwa kawaida wanamukatiaka neno.

Kuuleta nyumbani

Teatre haiko kitu kigeni mashariki mwa Kongo. Watu wengi wamekwisha kuona teatre shirikishi, yenye shirika Search for Common Ground limefanya katika vijiji na mitaa. Waigizaji wanafika kwanza kusikiliza shida za fasi. Kiisha wanaigiza shida ile hadi kilele, wanasimama, na wanaita mutu kutoka katika watazamaji aje kuonyesha yeye angefanya nini. Mizizi ya namna hiyo iko kwa Augusto Boal wa Brazil.

Ruined haifanye vile. Haisimame, haiulize, na mutazamaji anarudi nyumbani na uzito wake. London hilo linawezekana. Bunia, fasi mama mwenye alibakwa anaweza kukaa kiti cha tatu, na mwenye alimubaka kiti cha kumi, ni jambo lingine kabisa. Muigizaji mwenye anacheza Salima anaweza kuanza kuitwa Salima sokoni. Kikundi chenye kingejaribu kingehitaji mushauri wa mambo ya moyo awe karibu, mlango wazi kwa mwenye anataka kutoka, na mazungumuzo kiisha onyesho. Kingehitaji pia kufanya kazi muchana, kwa sababu muji uko chini ya hali ya dharura tangu mwezi wa 5 mwaka 2021, na muchezo wa zaidi ya saa mbili hauwezi kumalizika usiku bila watu kuogopa njia.

Kuko wenye watasema heri kuacha kidonda kifungane. Iko na maana, kama kingekuwa kimefungana. Lakini Djugu na Irumu watu wanakimbia hadi leo, na wamama wanaendelea kupata yale Salima alipata. Kunyamaza kunasaidia zaidi yule mwenye alifanya ubaya.

Katika muchezo Sophie hapati oparesheni. Kwa musichana wa Bunia leo, njia haiko kupitia almasi ya mutu. Shirika SOFEPADI, lenye Julienne Lusenge, mwandishi wa redio wa zamani, alilianzisha pamoja na wamama wenzake, liko na hospitali yake hapa mjini, Karibuni wa Mama, yenye inatunza waliobakwa. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 inaazibu ubakaji, na familia haina haki ya kuumaliza kwa mbuzi. Jambo la kukumbuka zaidi ni saa 72. Mutu mwenye alibakwa akifika hospitali mbele ya saa hizo kupita, anaweza kupewa dawa za kuzuia SIDA na mimba. Kama zimepita, aende tu. Fistula na vidonda vingine vinatunzwa hata kiisha miaka.