Nani Aliyelipia Jumamosi?

Mwanahistoria wa Uingereza, Douglas Reid, alifungua daftari za ndoa za miji ya viwanda akahesabu watu walioana siku gani. Utafiti wake, uliochapishwa 1996, ulionyesha kuwa kwa muda mrefu mafundi na vibarua walipenda sana kuoana Jumatatu. Ilikuwa siku waliyojipa wenyewe: mshahara wameshapokea Jumamosi, wakanywa, wakacheza, na tajiri akawangoja hadi Jumanne. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, harusi za Jumatatu zikapungua na za Jumamosi zikaongezeka. Ni hesabu kavu, lakini inatusaidia kuelewa mpira tunaoushangilia hapa Kamina.

Mashine ya mvuke haimsubiri mfumaji aliyelewa. E. P. Thompson alikwisha kulieleza hilo mwaka 1967: zamani shughuli ndiyo iliyopima muda, shamba likishalimwa umemaliza, lakini kiwandani kengele ndiyo iliyoamua. Wafanyakazi wakapoteza Jumatatu yao, na baada ya mvutano mrefu wakapata kipande cha Jumamosi. Sheria ya 1850 iliagiza viwanda vya nguo visimame saa nane mchana siku hiyo. Mpira wa kale wa vijijini, usio na idadi ya wachezaji wala mipaka, usingetosha katika mchana huo. Mchezo wenye saa, mistari na mwamuzi ulitosha.

Walioandika kanuni za mchezo huo, London, 1863, hawakuwa watu wa viwandani. Walikuwa mabwana, wengi wao wamesoma shule za kitajiri, na kwa miaka kama kumi ya mwanzo Kombe la FA lilibaki mikononi mwa watu wa tabaka lao. Kisha Machi 1883 Blackburn Olympic walishuka kutoka Lancashire, kaskazini, kwenda fainali dhidi ya Old Etonians, timu ya mabwana hao. Kikosini mlikuwa na wafumaji, msokota nyuzi na fundi bomba. Mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, Sydney Yates, alikuwa ametoa fedha wakakae pwani ya Blackpool siku kadhaa, wale vizuri na kufanya mazoezi. Mabwana walizoea kukimbia na mpira mguuni. Hawa walipigiana pasi ndefu. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza na Olympic wakashinda 2–1. Sioni muujiza hapo. Mfumaji aliyepumzishwa kiwandani wiki nzima ni mtu mwingine kabisa.

Mabwana waliliona hilo pia. Wenzao wa mbio za makasia za Henley walikuwa wameandika mwaka 1879 kwamba fundi au kibarua hawezi kuhesabiwa mchezaji wa ridhaa. Kucheza bila malipo kukaitwa uungwana, na uungwana huo ulikuwa rahisi kwa asiyekatwa mshahara akikosa kazini. Soka ilikubali malipo 1885. Raga ilikataa, na mwaka 1895 klabu zaidi ya 20 za kaskazini zikajitenga, kwa sababu tu ziliomba mchezaji afidiwe ujira anaoupoteza siku ya mechi.

Sasa rudi huku kwetu Katanga. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, ili wasikimbie kazi. Miaka hiyohiyo reli kutoka Bukama ilipita hapa kuelekea Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikazinduliwa 1928. Mshahara, kengele na siku ya mapumziko vilifika pamoja, na mapadri wakaona mapumziko hayo yanahitaji mwangalizi. Mwaka 1939 Wabenedikto wa Élisabethville walianzisha timu ya Saint-Georges. Baadaye ilibeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na leo ni TP Mazembe. Saint-Éloi Lupopo, ya mwaka huohuo, ina jina la mtakatifu wa wahunzi, na mpaka leo mashabiki wake huitwa watu wa reli. Tazama majina hayo: kanisa, kampuni, karakana. Ni Lancashire tupu.

Tofauti ni kwamba kule wafanyakazi waliweza kudai. Hapa mkoloni alipanga kazi, akapanga na mapumziko. Hata hivyo mchezo ulimponyoka. Englebert walitwaa kombe la klabu bingwa Afrika 1967 na 1968. Na fedha za madini hazijaondoka uwanjani: Moïse Katumbi, aliyeshika uongozi wa Mazembe 1997, alitajirika kwa kandarasi za migodi.

Kamina ni njia panda ya reli, na tangu 1956 tawi la Kabalo linaungana hapa. Vijana wenye miguu hawakosekani. Lakini anayebeba mizigo stesheni mpaka jioni hafanyi mazoezi saa tisa, na mshahara wa baba yake ukichelewa, mazoezi ndiyo ya kwanza kuachwa. Kwa hiyo ninyi mnaokaa kwenye kamati za timu, mkipata mfadhili, msianze na jezi. Mwulizeni kwanza kama atalipia mchana wa mchezaji.