Neno "Mnyamwezi" na Swali la Kabila katika Fomu

Baadhi ya fomu za huduma huwa na nafasi ya kujaza kabila. Mwombaji wa mkopo mjini Tabora huenda akaandika "Mnyamwezi" bila kusita. Ni vema mtumiaji afahamu neno hilo linaeleza nini, na kama mtoa huduma anastahili kuliuliza.

Asili ya neno

Inaelezwa na wengi kuwa jina hili lilitolewa na watu wa pwani kwa maana ya watu wa magharibi, upande unaoandama mwezi. Wenyewe walijitambulisha zaidi kwa tawala zao, kama Unyanyembe ya Mtemi Isike na Urambo ya Mtemi Mirambo. Hata majirani waliitana kwa pande: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini. Jina lilitegemea mahali aliposimama msemaji.

Matumizi yake

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipita Tabora kati ya Ujiji na Bagamoyo. Huko pwani, mpagazi kutoka bara aliweza kuitwa Mnyamwezi hata kama kwao hakujulikana hivyo. Leo neno hili ni jina la kabila, na wenyewe hujivunia. Hata hivyo, linataja asili ya mtu tu. Halithibitishi yeye ni nani, wala kama atalipa deni. Utambulisho huthibitishwa kwa majina kamili na namba ya Kitambulisho cha Taifa.

Haki ya mtumiaji

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu asili ya kikabila kuwa taarifa binafsi. Anayeikusanya anapaswa kueleza madhumuni yake na kutokusanya zaidi ya kinachohitajika. Hata sensa ya Taifa haijauliza kabila tangu ile ya 1967.

Kwa hiyo, unapokutana na swali hilo:

1. Uliza taarifa hiyo inahitajika kwa kazi gani, na nani ataiona.
2. Ikiwa imeandikwa kimakosa, omba irekebishwe.
3. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukiambatisha nakala ya fomu.