Maporomoko ya theluji ya mwanzo wa majira ya baridi

Poromoko la theluji ni theluji nyingi inayomeguka na kushuka kwa kasi kwenye mteremko wa mlima. Katika Milima ya Rocky huko Colorado, Marekani, hatari hiyo huanza mapema, mara nyingi mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati mabonde ya chini hayana theluji bado. Wengi hudhani kwamba theluji kidogo haiwezi kuua. Dhana hiyo si sahihi.

Tabaka dhaifu

Theluji ya kwanza huyeyuka upesi kwenye miteremko inayopigwa na jua. Hubaki juu mlimani penye kivuli, hasa kwenye miteremko inayoelekea kaskazini, kwa kuwa huko jua la majira ya baridi hupita upande wa kusini. Ardhi iliyo chini ya theluji hubaki karibu na nyuzi 0 za sentigredi, lakini hewa ya usiku ni baridi zaidi sana. Theluji ikiwa nene, tofauti hiyo hugawanyika katika unene mkubwa na athari yake ni ndogo. Ikiwa na kina cha sentimita 30 tu, tofauti huwa kali. Ikizidi takriban nyuzi 1 kwa kila sentimita 10, mvuke hupanda kutoka chini na kuganda tena juu yake, na chembe za theluji hugeuka kuwa punje kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota humwagika mkononi kama sukari, na wenyeji huziita hivyo hivyo: theluji ya sukari.

Tabaka hilo likiwa peke yake huwa na hatari ndogo. Shida huja pale dhoruba au upepo unapoongeza theluji mpya, ikashikana na kuwa bamba juu ya ile sukari. Uzito wa mtu mmoja unaweza kuvunja tabaka la chini. Ufa hukimbia kuvuka mteremko na bamba zima huteleza. Tabaka dhaifu linaweza kudumu kwa miezi. Tena mchezaji wa skii hufuata mahali penye theluji, na mwanzoni mwa msimu mahali hapo ndipo penye theluji ya zamani.

Kusafiri mlimani

Mabamba mengi huteleza kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kupita penye mteremko wa chini ya nyuzi 30, mbali na miguu ya miteremko mikali, kwa sababu mtu aliye tambarare anaweza kulivuta poromoko kutoka juu yake. Nyufa zinazokimbia mbele ya miguu, au mlio mzito wa theluji kutitia, ni ishara ya kugeuka mara moja. Kituo cha taarifa za maporomoko cha Colorado hutoa utabiri wenye ngazi 5 za hatari.

Kila msafiri hubeba kifaa cha redio cha kutafutia aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo. Mteremko wa mashaka huvukwa na mtu mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ya kupona akichimbuliwa ndani ya takriban dakika 10 hadi 15. Baada ya hapo nafasi hushuka haraka kwa kukosa hewa. Mwanzoni mwa msimu hata asiyefukiwa anaweza kufa, kwa kuwa theluji nyembamba humburuta juu ya mawe na visiki.