Istilahi za Gari la Kambi

Nchini Ujerumani, mwaka 1951, kampuni ya Westfalia ilianza kutia vifaa vya kambi ndani ya magari ya kazi ya Volkswagen, yaliyokuwa yameanza kuundwa mwaka 1950. Kazi ya kugeuza gari kuukuu la mizigo liwe makao ya safari imeenea tangu hapo, na maelezo yake, yanapofasiriwa, yanadai istilahi zisizogongana.

Kwanza, yafaa kutenganisha ukarabati na ugeuzaji. Fundi anayekata bati lililoliwa na kutu na kuunga jipya, anakarabati: analirudisha gari katika hali yake ya awali. Anayetoboa dirisha na kufunga kitanda na jiko, anageuza: analipa gari matumizi mapya. Mwandishi wa hati za ukaguzi asiyachanganye.

Pili, neno 'tundu' peke yake halitoshi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini. Kwa hiyo kasha la mtungi hutobolewa chini ili gesi itoke nje. Moto wa jiko nao huhitaji hewa safi. Ukiikosa hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu iwezayo kumwua aliyelala. Tunapendekeza 'tundu la gesi' kwa lile la kwanza, na 'tundu la hewa' kwa la pili. Mfasiri akiyapa jina moja, msomaji aweza kuziba moja akidhani lililobaki latosha.