Begi la Kuvulia Trauti: Mabega, Mto na Ndoana



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia begi. Msicheke. Familia zinazoishi karibu na mito itokayo Aberdare na Mlima Kenya, kama vile Gura na Thiba, zitaelewa. Samaki aina ya trauti waliletwa mto Gura mwaka 1905, na wanavuliwa kwa ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na nzi. Wapo vijana wanaovua hivyo wenyewe, na wapo wanaowabebea wageni vyombo. Wote hushinda na begi mwilini.

Mvuvi wa namna hii haketi ukingoni. Hupanda na kushuka makorongo, husimama katika maji baridi, na hurusha mshipi mara nyingi kwa mkono uleule. Begi lenye mkanda mmoja huelemeza bega moja, na baada ya saa kadhaa shingo hukakamaa na pengine mkono hufa ganzi. Ukilipenda kwa sababu ni rahisi kulivuta mbele, livae kwenye bega lisilorusha, na ulibebee vitu vichache tu. Begi la kiunoni huyapumzisha mabega, lakini likijazwa huvuta kiuno, na maji yakifika tumboni vyote hulowa. La kifuani huweka vitu karibu na mikono, ila likiwa nene humzuia mtu kuona miguu yake, na mawe ya mtoni yana utelezi.

Kwa safari ya kutwa mimi ningemchagulia kijana shanta dogo lenye mikanda miwili mipana, linalolala karibu na mgongo na lisiloning'inia chini ya kiuno. Nasema dogo kwa makusudi. Begi kubwa halikai tupu. Mtu atatia koti la pili, chupa ya tatu, na visanduku ambavyo hatavifungua. Kumbukeni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa kijana anayekua, mzigo usizidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake: mwenye kilo 40 abebe kama kilo 4. Kabla ya kulipa, tieni vitu ndani yake, mvae, mtembee dukani, mwiname. Mwenye duka akinuna, mwacheni anune.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu kuliko maumivu ya mgongo. Mikanda mingine ya begi hufungwa kifuani na kiunoni kwa bizimu. Njiani ni msaada mkubwa. Wakati wa kuvuka mto, ifungueni. Mtu akianguka na begi lililofungwa, maji huingia ndani yake, uzito huongezeka, na mkondo humburuta au kumlaza kifudifudi. Begi lisilofungwa huvuliwa kwa kutikisa mabega. Kwa hiyo jaribuni bizimu mkiwa na mikono iliyolowa na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Ikikataa kufunguka kwa mkono mmoja, rudisheni begi hilo. Lakini msichanganye: mkanda wa kiunoni wa suruali ya mpira ya kuingilia majini ubaki umekazwa, maana ndio unaozuia maji kujaa miguuni.

Ndoana nazo zikae katika kisanduku chenye kifuniko kinachofunga barabara, si kuchomekwa kwenye mkanda wa begi kama mapambo. Ndoana ya kawaida ina kijino cha nyuma, na ikizama mwilini ukaivuta kwa nguvu, kijino hicho huchana nyama. Kata mshipi, acha ndoana ilipo, nenda zahanati, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Ikiingia jichoni, usiiguse kabisa. Funika jicho kwa kikombe kisafi kisichogusa wala kukandamiza, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Miwani, hata ya bei nafuu, ingezuia mengi ya haya, basi itengewe mfuko wa nje ambako itapatikana upesi.

Ndani ya begi kuwe na sweta kavu lililofungwa katika mfuko wa plastiki. Aliyetumbukia katika maji ya milimani huweza kupoozwa na baridi hata jua likiwa linawaka. Ongezeni bandeji, sabuni kidogo, filimbi ya kuitia msaada na chakula.

Mkirudi nyumbani, begi lisitupwe kwenye kona likiwa limelowa, kwani litaota ukungu na mikanda itaoza. Tandikeni gazeti juu ya meza, mwageni vyote vilivyomo, na mhesabu ndoana kabla mtoto anayetambaa hajaipata iliyodondoka sakafuni.