Jina la Bara Halichagui Leza: Ngozi Yenye Melanini Nyingi na Haki ya Mgonjwa Kuelewa

Utangulizi

Kapkatet ni mji mdogo wa Bureti, katika Kaunti ya Kericho, ulio kando ya barabara itokayo Litein kuelekea Sotik. Mashamba ya chai yameuzunguka, na wachumaji hushinda juani tangu asubuhi. Mji una hospitali ya umma na tawi la Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC). Hata hivyo, huduma za leza za kutibu ngozi nchini Kenya zimejikita zaidi jijini Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Kwa hiyo, mkazi wa Kapkatet anayetaka kuondolewa vipele vya ndevu, nywele za kidevuni au tatuu ya ujanani hufunga safari na akiba yake mfukoni, na aghalabu hufika bila kujua aulize nini.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna leza inavyofanya kazi katika ngozi yenye rangi nyingi, na jinsi ya kuchagua tiba iliyo salama. Hoja kuu ni kwamba jina la kabila, taifa au bara la mtu halitoshi kuchagua leza. Kinachochagua ni kiasi cha melanini, yaani rangi ya asili iliyomo ngozini, pamoja na maswali ambayo mgonjwa anaweza kuyauliza kwa lugha anayoielewa.

Leza na shabaha yake

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish walifafanua kanuni inayoongoza tiba za leza za ngozi hadi leo: mwanga wenye urefu maalumu wa wimbi, ukitolewa kwa muda mfupi ufaao, huweza kuunguza shabaha moja ndani ya ngozi na kuacha sehemu jirani zikiwa salama. Shabaha hiyo huwa ni kitu chenye rangi: melanini katika shina la unywele, damu katika mshipa mdogo, au wino wa tatuu.

Hapa ndipo tatizo linapozuka. Melanini haimo katika unywele pekee, bali imo pia katika tabaka la juu la ngozi. Mtu mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi huipa leza shabaha iliyo wazi. Kwa mwenye ngozi nyeusi, mwanga hulazimika kupita katika melanini nyingi kabla ya kuufikia unywele, na tabaka hilo la juu huweza kunyonya joto lisilokusudiwa. Matokeo yake ni malengelenge, mabaka meusi yanayodumu kwa miezi, madoa meupe au makovu. Kinyume chake, unywele mweupe, uwe wa mzee au wa mtu mwenye ualbino, hauna melanini ya kutosha kunyonya mwanga huo; hivyo leza ya kuondoa nywele haiuathiri ipasavyo.

"Ngozi ya Kiasia" ni ipi?

Matangazo mengi ya leza hutumia istilahi "ngozi ya Kiasia". Istilahi hii huzua utata. Kwa mkazi wa Kericho, ambako Masingasinga wamejenga gurudwara kubwa, "Mwasia" ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Katika kliniki za Marekani, neno hilohilo aghalabu humaanisha Mchina, Mjapani au Mkorea. Ngozi ya Mtamili na ya Mkorea hutofautiana sana kwa kiasi cha melanini, ingawa zote huitwa za Kiasia.

Kipimo kinachotumiwa zaidi na madaktari ni kile cha Thomas Fitzpatrick cha mwaka 1975. Kipimo hicho huainisha ngozi kwa kuzingatia inavyoungua na inavyobadilika rangi juani. Hapo mwanzo kilihusu ngozi nyeupe. Aina ya V na ya VI, zilizo za kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Leo Waasia wengi huwekwa kati ya aina ya III na V, na Waafrika wengi katika aina ya V na VI. Hivyo basi, Mhindi mweusi wa mjini Kericho na Mkipsigis wa Kapkatet huweza kuhitaji tahadhari zilezile.

Kuchagua wimbi lifaalo

Kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa refu, ndivyo melanini inavyounyonya mwanga huo kwa uchache, na katika mawimbi yatumikayo kuondoa nywele, lililo refu hupenya ndani zaidi. Leza ya rubi (nanomita 694) na ya alexandriti (nanomita 755) hunyonywa sana na melanini, kwa hiyo zina hatari kubwa zaidi kwa ngozi nyeusi. Leza ya daiodi (takriban nanomita 810) iko katikati, na huhitaji mtaalamu mwangalifu. Leza iitwayo Nd:YAG, yenye nanomita 1,064, ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa kuondoa nywele na kupunguza vipele vya ndevu katika aina ya V na VI.

Aidha, zipo mashine za mwanga mkali ambazo si leza hata kidogo, kwani hutoa mchanganyiko wa mawimbi mengi kwa pamoja. Mashine hizo huunguza ngozi nyeusi kwa urahisi. Hata Nd:YAG yenyewe huunguza ikiwa nguvu yake imezidi, mapigo yake ni mafupi mno, au ngozi haikupozwa.

Jua la nyanda za juu na mkorogo

Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mchumaji chai wa nyanda za juu hupata jua kali hata penye mawingu, na ngozi iliyochomwa na jua huwa na melanini iliyoamshwa. Yafaa basi tiba ipangwe wakati ambapo mtu anaweza kujikinga kwa wiki kadhaa kabla na baada yake, kwa kofia, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua.

Hali kadhalika, anayetumia mkorogo hana budi kumweleza daktari. Zebaki hudhuru figo, na haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi weusi wa kibuluu usiotoka kwa urahisi. Kwa mabaka ya kahawia ya mashavuni, leza si tiba ya kwanza, kwa kuwa huweza kuyazidisha.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kulipa, mgonjwa yafaa aulize yafuatayo:

1. Je, mashine hii ni leza ya aina gani, na wimbi lake ni la nanomita ngapi?
2. Je, mtaalamu ametibu watu wangapi wenye ngozi kama yangu, na matokeo yao yalikuwaje?
3. Je, kliniki na daktari wamesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC)?
4. Je, sehemu ndogo itajaribiwa kwanza, na tutasubiri siku ngapi kuona matokeo?
5. Je, ngozi itapozwa vipi, na macho yatakingwa kwa nini?
6. Je, ukoo wenye makovu yanayovimba, au dawa ninazotumia, vinabadilisha uamuzi?

Anayejibiwa kwa hasira, au kwa ahadi ya punguzo la bei akilipa papo hapo, ana sababu tosha ya kuondoka.

Hitimisho

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Mafunzo ya tiba nchini hutolewa kwa Kiingereza, na fomu nyingi za ridhaa huandikwa kwa lugha hiyo. Mgonjwa huweza kutia sahihi chini ya neno linalomaanisha "kuungua" bila kulitambua. Hilo ni jukumu la wanafunzi wa Kiswahili pia: kusanifu istilahi za tiba ya ngozi, kuzijaribu kwa wagonjwa wenyewe, na kutafsiri fomu za ridhaa kwa Kiswahili kinachosomeka. Kazi hiyo yaweza kuanzia katika miji kama Kapkatet, ambako chuo cha tiba na wagonjwa wapo karibu.