Rangi Gani kwa Chumba cha Kazi?

Katika nyumba nyingi za Kamanga kuna chumba kimoja kisicho na jina la kudumu. Mwenye pikipiki hukiita gereji. Seremala hukiita karakana. Mama mwenye cherehani husema tu, "kule kwenye kazi". Wengine, ambao wamerundika humo nyavu, injini ya mtumbwi, jembe la kukokotwa na magunia ya mpunga, hukiita stoo na kufunga mlango. Ndicho chumba kinachojengwa mwisho na kupigwa lipu mwisho, na ikifika siku ya kupaka rangi hupewa masalia ya makopo yaliyobaki sebuleni. Hata hivyo, katika nyumba nyingi ada ya shule na fedha ya unga hutoka katika chumba hicho hicho. Sebule haijawahi kumlipia mtoto ada.

Kwa hiyo mwezi huu, mpenzi msomaji, tuzungumze juu ya rangi ya chumba cha kazi. Huenda baba akacheka akisikia. Lakini pale mtu anaposhika sindano, msumeno au spana moto, jicho linapaswa kuona vizuri, na rangi ya ukuta ina sehemu kubwa katika kuona huko.

Mazungumzo ya jambo hili nyumbani kwa kawaida huanza hivi. Baba husema, "Mama watoto, humu tupake kahawia nzito au kijani cha jeshi, maana haionyeshi uchafu." Mama hujibu, "Baba watoto, usipoonekana uchafu nitaufagiaje?" Sisi tunakubaliana na mama. Rangi inayoficha uchafu huficha pia mafuta yaliyomwagika, pini iliyoanguka, mchwa anayepanda ukutani na nyoka aliyeingia kutafuta panya. Chumba cha kazi hakihitaji kuficha kitu.

Mwanga kwanza

Kabla ya kuuliza rangi gani ni nzuri, uliza chumba kinapata mwanga kiasi gani. Ukuta mweupe mpya hurudisha chumbani karibu sehemu nane kati ya kumi za mwanga unaoufikia. Rangi ya krimu hurudisha kama saba. Kijivu cha wastani hurudisha kama tatu, na kijani kizito au kahawia hurudisha moja tu, pengine pungufu ya hapo. Maana yake ni kwamba balbu ile ile ya sola, ambayo betri yake inahesabiwa kwa saa, hufanya kazi nyingi zaidi katika chumba cha kuta nyeupe kuliko katika chumba cha kuta nzito. Kwa mshonaji anayemalizia sare za shule mwezi Desemba hadi usiku, hilo si jambo dogo. Na aliyefikisha miaka 45, ambaye tundu la sindano limeanza kumkimbia, atalitambua siku ya kwanza.

Lakini nyeupe nayo ina adabu zake. Kamanga iko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, nalo jiji liko ng'ambo ya pili, mashariki. Kwa hiyo asubuhi jua huchomoza upande wa maji, na dirisha linalotazama ziwa hupokea mwanga mara mbili, wa jua lenyewe na ule unaoruka juu ya maji. Ukipaka ukuta unaotazamana na dirisha hilo rangi nyeupe ya mafuta inayong'aa, utafanya kazi umekunja uso mpaka saa nne. Hapo chagua krimu, au nyeupe isiyong'aa, ile wanayoiita rangi ya maji. Mlango wa chuma unaotazama magharibi ndio hupigwa na jua la alasiri, nao ukiwa mweusi au bluu nzito, kufikia saa tisa haushikiki. Huo upewe rangi nyepesi kwa nje.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi rangi hawalisemi mara nyingi. Kuta za rangi kali hupaka rangi mwanga wenyewe. Chumba cha kijani hutupa ukijani juu ya kitambaa, na chumba cha waridi hutupa uwaridi. Mama anayeshona sare za kwaya, kitambaa cha zambarau, anaweza kulinganisha uzi na kitambaa chini ya balbu, akaridhika kabisa, kisha Jumapili nje ya kanisa kila mshono ukaonekana kama mstari wa wino. Si macho yake mabovu. Rangi mbili za viwanda tofauti huweza kufanana chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine. Ndiyo maana washonaji wa zamani hutoka mlangoni na kitambaa mkononi kabla ya kukata uzi. Kwa chumba cha cherehani, basi, tungesema nyeupe, krimu iliyofifia sana au kijivu chepesi, na kama mama anapenda waridi, aiweke kwenye pazia.

Chini nzito, juu nyepesi

Njia nzuri kuliko zote hatukuitoa mbali. Ingia zahanati yoyote, au darasa la shule ya msingi, utazame kuta. Kutoka sakafuni hadi kama futi nne imepakwa rangi ya mafuta iliyokoza, bluu au kijivu au kahawia, na juu yake rangi ya maji iliyo nyepesi. Waliobuni mpango huo walijua watoto hupaka mikono wapi na fagio hurusha maji mpaka wapi. Katika karakana ya nyumbani, chini ndipo tairi la pikipiki hugusa, ndipo mkono wenye grisi huegemea, ndipo kuku hulala mlango ukisahauliwa. Rangi ya mafuta huoshwa kwa sabuni na kitambaa, na mwanga wa kutosha bado unatoka nusu ya juu. Kwa hiyo baba na mama wote wawili hupata walichotaka. Ila sehemu ya chini isiwe nyeusi. Kijivu cha wastani kinatosha kabisa, na spana iliyoegeshwa ukutani itaonekana.

Wakazi wa kando ya ziwa wana sababu nyingine ya kupenda ukuta unaooshwa. Siku wadudu wa ziwani wanapopanda kutoka majini kama wingu la moshi, hukimbilia mwanga, na asubuhi ukuta ulio karibu na balbu huwa umejaa madoa. Kwenye chokaa huwezi kuyafuta bila kuifuta chokaa yenyewe. Basi pale balbu ilipo, hata kama ni juu, paka kipande cha rangi ya mafuta nyeupe, upana wa mita moja, na hutajuta.

Tusidharau chokaa, hata hivyo. Kwa mwenye fedha kidogo bado ni rafiki. Ni nyeupe kweli kweli, huacha ukuta upumue, na ukali wake huzuia ukungu. Ubaya wake ni kuachia unga kwenye nguo, na hilo kwa mshonaji ni msiba, ila kwa banda la pikipiki na nyavu si neno. Anayeikoroga aangalie macho yake, na watoto wakae mbali, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza.

Na juu je? Vyumba vingi vya kazi havina dari, bati li wazi. Kulipaka nyeupe kwa ndani huongeza mwanga, na kwa nje hupunguza joto, maana bati jeupe hurudisha jua badala ya kulimeza. Ila bati jipya linalong'aa halishiki rangi vizuri. Litabanduka kama ganda la kiazi. Liache lipigwe na mvua na jua miezi kadhaa kwanza, au tumia rangi ya awali iliyotengenezwa kwa ajili ya bati.

Sakafu ya saruji tungeiacha kama ilivyo. Rangi ya mafuta juu yake, au ile nta nyekundu ya kung'arisha, pamoja na tone la mafuta ya injini, ni safari ya kwenda hospitali.

Risasi katika rangi

Hapa tunaomba usome polepole, hasa wewe mwenye watoto wadogo. Kwa miaka mingi, duniani kote, viwanda vilitia madini ya risasi katika rangi za mafuta ili zikauke haraka na zing'ae, na zaidi sana katika manjano, nyekundu na rangi ya chungwa. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mtoto haoni hatari. Ganda la rangi lenye risasi lina ladha ya utamu, naye hulitia mdomoni. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Kwa upande wa rangi, Umoja wa Mataifa unashauri kiasi kisizidi sehemu 90 katika milioni, na kila mwaka mwezi Oktoba kuna juma zima la kuelimisha watu juu ya jambo hili.

Kwa hiyo dukani soma kopo. Tafuta maneno yanayosema haina risasi, na alama ya ubora ya TBS. Usinunue rangi iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda, hata kama muuzaji ni jirani. Na kama mlango au dirisha la zamani lina rangi inayobanduka, usilipige msasa kavu. Lilowanishe kwanza, ukwangue taratibu huku watoto wakiwa kwa bibi, ukusanye magamba yote, usiyafagilie uani kwa kuku. Ukimaliza oga, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Wakati wa kupaka, madirisha yawe wazi, jiko lizimwe na koroboi isisogee, kwa kuwa mvuke wa thina hushika moto. Mama mjamzito asishike brashi ya rangi ya mafuta, na chumba cha watoto kilicho jirani kisilaliwe usiku huo.

Rangi kali zina mahali pake, lakini ni padogo. Viwandani duniani kote nyekundu huonyesha vifaa vya moto, manjano huonya, kijani huonyesha njia salama na sanduku la huduma ya kwanza. Nyumbani yatosha mstari wa manjano kwenye ukingo wa kila ngazi na wa shimo la kukagulia gari kama lipo, na nyekundu kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Na kwa kuwa wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, andika na neno.

Kabla hujavuka kwenda mjini

Wengi wa Kamanga hununua rangi Mwanza, wakivuka kwa kivuko. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kama kilometa tatu, lilifunguliwa Juni 2025, lakini liko mbali upande wa kusini, na kwa mtu wa Kamanga mwenye kopo mkononi kivuko ndicho njia fupi. Safari ya pili kwa ajili ya kopo moja lililopungua ni hasara, tena rangi iliyochanganywa siku nyingine haifanani kabisa na ya kwanza. Kwa hiyo piga hesabu nyumbani. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za mita 2.5, kina mita za mraba 35. Toa mlango na madirisha, zibaki kama 30. Mikono miwili ni 60. Lita moja hufunika kama mita 10 kwenye ukuta laini, hivyo lita 6. Lipu likiwa na mikwaruzo, hesabu 8. Makopo mawili ya lita nne, basi. Ukigawa chini na juu, kwa futi nne za chini kopo moja ni la mafuta, moja la maji.

Lipu jipya lingoje mwezi mzima kabla ya rangi ya mafuta, na ukuta unaopandisha unyevu kutoka chini utafutiwe dawa kwanza, la sivyo rangi itavimba malengelenge mvua za masika zikianza. Usichague kwa kutazama karatasi ya dukani pekee. Nunua kopo dogo, paka kipande cha futi mbili ukutani, kikauke, kisha ukitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku balbu ikiwa imewashwa. Mwachie nafasi pia yule anayefanya kazi humo kila siku. Kama ni mama, sauti yake iwe ya mwisho, hata kama anayelipa ni baba.

Kazi ikiisha, andika kwa penseli nyuma ya mlango jina la rangi, namba yake na tarehe. Kopo lililobaki lifunikwe kwa nguvu na liwekwe juu, mahali mtoto hafiki, wala lisikae karibu na galoni la petroli.